Klachi ya Gari Letu

Mwaka jana klachi ya gari letu la zamani ilianza kuwa ngumu. Kwenye jamu ya asubuhi mjini, nikielekea shule ninakofundisha, nilikuwa nashika usukani kwa mikono miwili na kusukuma pedali kama mtu anayesukuma mlango uliokwama. Goti la kushoto liliuma hadi nikawa nafundisha nikiwa nimeketi.

Nilipomwambia mume wangu aiangalie, hakuinua hata macho. "Gari za zamani ziko hivyo, Mama watoto. Kanyaga tu."

Yeye huenda kazini kwa miguu.

Nikalipeleka gari kwa fundi. Akaingia, akakanyaga mara moja, akatoka. "Mama, hii klachi iko sawa. Ni vile mguu yako haina nguvu."

Mguu huo umelima mahindi tangu nikiwa mtoto.

Jumamosi moja tulikuwa tunaenda Moi's Bridge kuchukua magunia kwa wifi yangu. Nikamtupia mume wangu ufunguo. "Leo unaendesha wewe."

Kwenda, barabara ilikuwa wazi, na alipiga mluzi njia nzima. Kurudi tukakuta foleni ya malori ya mahindi. Tunasimama, tunasonga kidogo, tunasimama tena. Mluzi ukakatika. Baadaye nikamwona anakanda paja.

"Hii kitu imekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu nilipokuambia."

Tulipofika nyumbani hakungoja hata chai. Alifungua boneti, akaniambia nikanyage huku yeye akichungulia. Kebo ya klachi ilikuwa imepindwa ikagusana na bomba la ekzosi linalotoa moshi wa moto. Ganda lake lilikuwa limeyeyuka, na waya wa ndani ulikwaruza kila nilipokanyaga. Bila shaka kuna wakati injini ilifunguliwa, na mtu akairudisha kebo kwa njia isiyo yake. Tukanunua kebo mpya, fundi mwingine akaipitisha inavyotakiwa, na pedali ikawa inashuka kwa kuguswa tu.

Nilitaka kufurahi. Lakini Jumapili, wageni wa kanisa walipokuja, nilimsikia kutoka jikoni akieleza: "Klachi ilikuwa inamsumbua sana Mama watoto. Mimi niliangalia mara moja tu, nikajua ni kebo."

Nikaweka birika chini, nikaenda hadi mlango wa sebule. "Waambie pia ni miezi mingapi nilikuomba uangalie hiyo mara moja."

Wageni wakacheka. Yeye akauliza kama chai iko tayari.