Matundu Manne kwenye Chesisi ya Kuka

Ujinga wenyewe nauweka mezani kwanza, usije ukasema nilikuficha. Nilichukua drili ya mjomba nikatoboa matundu manne kwenye gari la marehemu kuka, babu yangu mzaa mama. Kisha nikayapaka chumvi, matope na kitu kingine nisichokitaja kwa kuwa wewe bado mdogo, yashike kutu upesi yaonekane ya zamani. Naikumbuka likizo ile ya Agosti vizuri. Nilijiona mwerevu kuliko Kabuchai nzima.

Mwanangu, nakuita mwanangu kwa haki. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na kidevuni nina ndevu tatu ambazo nazijua kwa majina. Keti hapo unisikilize.

Gari lenyewe halikuwa gari tena. Lilibaki chesisi tupu, yaani vile vyuma viwili virefu vinavyobeba kila kitu, kama uti wa mgongo wa ng'ombe aliyekwisha kuliwa. Lilikuwa limelala nyuma ya jikoni kwa kuka, miwa imelizunguka. Mjomba Simiyu, mdogo wake mama, aliamua litengenezwe upya ili mwezi wa Desemba, siku ya ukumbusho wa kuka, litutangulie kwenda kanisani jinsi lilivyokuwa siku kuka alipolileta. Akamwita fundi kutoka Kitale. Swali likawa moja tu: lilizaliwa na bodi gani?

"Pikapu," mjomba akasema. "Si nililiona na macho yangu? Lilikuwa linabeba tumbaku kutoka Malakisi."

"Wewe ulizaliwa ukalikuta limeshakatwa likafanywa pikapu," mama akamjibu. "Lilikuja likiwa wazi, halina paa. Nilikuwa na miaka sita. Baba alinitoa nalo hospitali huko Kitale, mvua ikatukuta njiani, akavua koti lake akanifunika."

"Dada, hiyo ni ndoto ya homa, bana!"

Wote wakacheka. Wamemcheka hivyo miaka yote. Kila sikukuu, kuku akishaliwa, lazima mtu aulize, "Na lile koti je?" Mama yangu ni mwalimu wa hesabu, hana mazoea ya kubuni. Picha ya baba yake hana hata moja. Alichobaki nacho ni koti hilo, na koti lenyewe liko kichwani mwake.

Mimi nilikuwa upande wa pikapu. Mjomba alikuwa ameahidi kunifundisha kuendesha, na nilishajiona nimepakia timu nzima ya raga huko nyuma. Isitoshe, nilitaka kicheko. Bodi ya pikapu hufungwa kwa bolti, nikawaza, na bolti inataka tundu. Basi nitaipa chesisi matundu, mama akose la kusema.

Mzee Pritam akafika. Ni Singasinga mzaliwa wa Kitale ambaye Kibukusu chake kinakishinda changu kwa mbali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mzee huyo aliinama na kilemba chake chote, akalala chali kwenye majani ya miwa.

"Umeona matundu ya pikapu hapo nyuma?" mjomba akauliza, kifua mbele.

"Nimeona." Akakwaruza moja kwa bisibisi, chuma kikang'aa kama sufuria mpya. "Hii kutu ni ya juu juu. Hili tundu lina umri wa ugali wa jana."

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yangu haikufika hata getini.

"Tena angalia," akaendelea. "Pikapu ilikuwepo, ndiyo. Lakini ile bodi ya mbao ilishikwa na vyuma vya kukumbatia, hii mikwaruzo ndiyo alama zake. Haikuhitaji tundu. Sasa njoo hapa katikati, Mama Wafula, uone." Mama akapiga magoti kwenye matope na sketi yake ya kanisani. "Gari lenye paa, paa linasaidia kulishika lisijikunje. Ukiondoa paa, nguvu yote inatoka chini. Ndiyo maana wameongeza vyuma vinene hapa, na huu msalaba wa chuma. Ribiti zake, hizi pini zilizogongwa vichwa, ni sawa na za kule mbele, na rangi ya kiwandani imepita juu. Hazikuongezwa na fundi wa Bungoma. Hili lilizaliwa bila paa."

Mama aliushika ule msalaba kwa mikono miwili. Halafu akageuka, lakini hakunitazama mimi.

"Simiyu, drili ni yako. Ulitaka nionekane mwongo hata mbele ya fundi?"

"Dada, naapa kwa kaburi la baba—"

"Usimtaje baba."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alisimama mikono imelegea, mtu mzima, karibu kulia. Mdomo wangu, ambao haujawahi kukosa neno tangu chekechea, ulitoa manne tu: "Mama, ni mimi Wafula."

Sasa nasaha, uzitie mfukoni. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na usaha huo humrukia asiyehusika. Fanya utani na nywele zako, na mwalimu wa zamu, hata na mimi, lakini kumbukumbu ya mtu kuhusu mzazi wake usiitoboe, maana hujui ndani yake anahifadhi nini. Ukitaka kujua kitu kilivyokuwa, lala chini ukitazame, usikitengenezee ushahidi. Na ukiona mwingine anabeba kosa lako, sema haraka, hata kama sauti yako bado inavunjika. Mungu akupe macho ya Mzee Pritam na, ukikosea, akupe mama kama wangu.

Maana mama alimwomba mjomba msamaha kwanza, akampangusa matope begani. Kisha akaniambia hivi, neno kwa neno:

"Wafula, siku gari hili litakapotoka kwa fundi, wewe utakaa nyuma, nami nitaomba mvua inyeshe kutoka Kitale mpaka hapa. Usiogope. Koti nitabeba."