Siku Bibi Paulina Alipombeba Kanuti

Katika asubuhi zote za ujana wangu, mwanangu, naikumbuka moja ya masika. Kaa kwanza, begi utalifunga baadaye. Nimesikia umechaguliwa kwenye ule mradi wa lishe wa chuo, na kwamba kesho mnapanda milimani pamoja na wenzenu waliotoka nje ya nchi. Nimefurahi sana. Mimi nami nilipita humo humo nilipokuwa na umri kama wako, kabla magoti hayajaanza kunisumbua.

Mwaka wetu ulianza kama wenu utakavyoanza. Masika tulipima watoto vijijini. Kiangazi tulifundisha mapishi na kulima bustani za shule, wageni wakaja kuona kazi, na mwisho wa mwaka wanavijiji wakaalikwa chuoni watuambie mbele ya wakubwa wetu tulichofanya vizuri na tulichovuruga. Hayo yote utayaona mwenyewe. Mimi nataka kukusimulia safari yetu ya kwanza tu.

Tulipanda Uluguru kwa gari la chuo, watu watatu: mimi, Mwalimu Mshana aliyekuwa mlezi wetu, na Astridi, mwanafunzi mwenzangu kutoka Norwei. Mzani tuliufunga kwenye boriti ya ukumbi wa parokia. Kina mama walikuwa wengi, wengine wamepita kwetu wakiwa na matenga ya karoti yanayosubiri gari la sokoni. Watoto walining'inia kwenye mzani wakipiga kelele, mama zao wakicheka. Raha tupu.

Kwenye foleni alikuwepo mama kijana aliyeitwa Skolastika. Mtoto wake alikuwa mgongoni, kitenge kimemfunika mpaka kichwani, ingawa mle ndani palikuwa na joto. Kila foleni iliposogea, yeye alimpisha aliye nyuma yake. Nikageuka kidogo kumshika mtoto wa mtu, nilipotazama tena hayupo.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi, anateremka haraka kwenye utelezi.

"Dada, mbona unaondoka hatujampima?"

Akasimama bila kugeuka. "Mkimpima mbele ya wale, dada, mimi nimekwisha."

Nikamsihi anionyeshe mtoto. Akafunua kitenge. Mwanangu, ugonjwa ule wa unyafuzi nilikuwa nimeusoma na picha zake nimeziona, lakini picha haina joto wala harufu. Mtoto jina lake Kanuti. Alikuwa ameshaanza kutembea, kisha akaacha. Uso umejaa kama aliyeumwa na nyuki, nywele zimekuwa nyepesi na rangi ya kutu, miguu imevimba. Hakulia. Hakunitazama. Mtoto asiyelia anatisha kuliko anayelia.

"Mama mkwe anasema nimembemenda," Skolastika akasema, na hapo ndipo machozi yakamtoka.

Nyinyi vijana neno hilo mnalitania, lakini limevunja nyumba nyingi. Watu waliamini kwamba mtoto wa kunyonya akidhoofika, basi mzazi wake mmoja ametoka nje ya ndoa. Mume wa Skolastika alikuwa akikata miwa kwenye mashamba ya mbali na alirudi kwa nadra. Mume hayupo, mtoto anadhoofika. Majirani wakamalizia wenyewe. Mama mkwe wake, Bibi Paulina, akamwambia maziwa yake yameharibika, amwachishe mtoto. Tangu siku hiyo Kanuti alikuwa akinywa uji mweupe mtupu. Na nyumba ile, usishangae, ilikuwa na kuku na shamba la njegere. Ila kila kizuri kilishuka Morogoro kuuzwa.

"Usimwambie mtu," akaniomba.

"Nitamwambia mmoja tu, mwalimu wangu. Mimi peke yangu sijui la kufanya."

Akafikiri kidogo, akakubali kwa kichwa, akaenda zake.

Mwalimu Mshana alinisikiliza mpaka mwisho. Akawaachia Astridi na mhudumu wa afya wa kijiji ule mzani, akachukua mwavuli. Astridi akaniuliza kwa Kiingereza kuna nini. Nilitafuta neno la kufasiri kubemenda, sikulipata. Mpaka leo sijalipata.

Njiani mvua ikitunyeshea, mimi nilikuwa nikipanga hotuba. Nilikuwa na hasira, mwanangu, na hasira yenyewe naiona ilikuwa ya haki. Nikamwambia mwalimu jinsi nitakavyomweleza yule bibi kwamba imani yake haina maana, na kwamba yeye ndiye anayemuua mjukuu wake. Mwalimu akasimama katikati ya njia.

"Tunakwenda kushindana na bibi au kumchukua mtoto?"

"Kumchukua mtoto, mwalimu."

"Basi maneno hayo yaishie hapa. Ukimwaibisha mbele ya mkwe wake, Kanuti hatatoka ndani ya nyumba ile."

Tulimkuta Bibi Paulina barazani, anapukuchua maharage. Tukamwamkia. Akaitikia marahaba kavu, kama ya kutufukuza.

"Nyinyi ndio wa mizani?"

"Ndio sisi, mama," akajibu mwalimu.

"Hapa hakuna wa kupimwa. Huyu anatibiwa."

Kweli, ndani sufuria ya mizizi ilikuwa ikichemka. Skolastika alisimama mlangoni na Kanuti mikononi. Mwalimu Mshana akavua viatu vyenye tope, akaketi mkekani, akavuta fungu la maharage na kuanza kupukuchua. Nilimtazama Kanuti anavyopumua, nikaona kila punje inayodondoka inatuchelewesha.

Baada ya muda mwalimu akauliza, "Mama, Mungu alikujalia watoto wangapi?"

"Waliopo au waliokwenda?"

"Wote, mama."

Bibi akawataja kwa majina, taratibu, mikono ikiendelea na kazi. Alipofika kwa Veronika, mikono ikasimama.

"Huyu alikuwaje?" mwalimu akauliza.

"Alivimba."

"Alianzia miguuni?"

"Miguuni. Ukimbonyeza, shimo linabaki."

"Na watu walisemaje?"

Mvua ilikuwa ikipiga juu ya bati.

"Walisema ni mimi," Bibi Paulina akajibu hatimaye. "Mama mkwe wangu alisema ni mimi. Na sikuwa nimekwenda popote. Shambani na nyumbani, shambani na nyumbani."

"Nakuamini, mama," mwalimu akasema.

Bibi akainua macho akamtazama mkwe wake pale mlangoni, kwa muda mrefu. Mimi nilidhani watalia, watakumbatiana. Hapana. Bibi alikung'uta maganda kwenye nguo yake, akaingia ndani, akatoka na kanga kavu.

"Mlete."

Akamfunga Kanuti mgongoni mwake mwenyewe, akakaza kanga kifuani, akatuuliza, "Gari lenu liko wapi?"

Tukashuka. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Mimi kijana nilianguka, yule bibi hakuteleza hata kidogo. Wale wale kina mama wa pale ukumbini walimwona akipita na mjukuu mgongoni, mkwewe akimfuata na mwavuli. Wakasogea kuwapisha njia.

Hospitalini mjini walimpokea haraka. Wauguzi wakamwanzishia dawa na maziwa ya wagonjwa wa aina yake, kidogo kidogo kwa kikombe. Mwanzoni alikuwa akigeuza uso. Mimi nilikuwa nikitoka chuoni na kupita pale wodini, nikiogopa kukuta kitanda kitupu. Halafu asubuhi moja naingia, namkuta Kanuti amemnyang'anya muuguzi kikombe kwa mikono miwili. Kilipoisha alipiga yowe la kudai kingine. Bibi Paulina alicheka mpaka wodi nzima ikageuka. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu kule milimani.

Ikabaki hofu moja: mume. Alikuja na nguo za kazi, masizi ya miwa iliyochomwa bado shingoni. Skolastika alimwona mlangoni akashika chuma cha kitanda. Kabla mume hajatamka lolote, Bibi Paulina akasimama mbele ya mwanawe.

"Mtoto alikosa chakula cha kumjenga. Daktari kasema, na mimi nasema. Ukisikia mtu anasema lingine kuhusu mkeo, mlete kwangu."

Yule bwana akaketi kitandani, akafunika uso kwa kofia yake. "Mimi nilijua nakuja kuzika," akasema. Skolastika akamwekea Kanuti magotini.

Kiangazi tulipofundisha mapishi, Bibi Paulina ndiye aliyetwanga karanga, akiwafokea wanaouza mayai yote bila kubakiza ya watoto. Sikuwahi kumsikia akimwomba mkwe wake radhi kwa maneno. Lakini Skolastika alipojifungua tena nilikwenda kumpa hongera, nikamsikia bibi akimwambia, "Mnyonyeshe. Maziwa yako hayana kasoro." Nikaona inatosha.

Sasa sikiliza, mwanangu. Huko uendako utakuta mama anayeficha mtoto. Usimwone mjinga. Kaa naye pembeni, jua kwanza ni nani anayemwogopa. Na huyo anayeogopwa, usimwendee kama adui. Huenda naye alipata kuumizwa na hakupata wa kumsikiliza. Mwulize, kisha unyamaze umpe nafasi ya kujibu. Elimu yako ni nzuri na wanaihitaji, ila wataipokea wakishaona hukuja kuwahukumu. Na likikuzidi, usilibebe peke yako, mwambie aliyekutangulia.

Nenda salama. Mungu akulinde kwenye utelezi na kwenye ukungu, akupe masikio mapana na subira, na kila mtoto utakayemgusa mwaka huu akue, aje awazike wazazi wake wakiwa wamezeeka. Amina.