Cherehani Mlangoni mwa Choo

Asubuhi ile mke wangu alikuwa anapinda sketi ya shule, hatua mbili kutoka mlango wa choo. Mjukuu wetu wa miaka sita alikuwa ndani.

"Umemaliza, mke mwenza?"

"Nimemaliza, bibi."

"Usiinuke. Nipinde huu upindo mmoja, halafu ujaribu tena."

"Hakuna kitu!"

"Kitakuja. Mume wetu yuko hapa kabanwa, mwache angoje. Ana kazi gani?"

"Hiyo hiyo ya kungoja," nikasema.

Cherehani ikalia, ikanyamaza. Tukasikia mkojo wa pili. Mke wangu akacheka peke yake.

Mchana huo aliangukia kitambaa. Kiharusi. Siku ya tatu tukamzika.

Mtaani walimwita Fundi. Miaka thelathini alishonea barazani, watoto wa watu wakienda shule na kazi yake mwilini. Mjukuu tuliachiwa na binti yetu, anayefanya kazi mbali. Mtoto alipofika miaka minne homa zikaanza. Anatibiwa, anapona, homa inarudi.

Daktari akampiga picha, akatueleza. Mkojo wa mtoto haukushuka wote, mwingine ulipanda kurudi kwenye figo. Ukipanda na vijidudu, figo inapata kovu. Wengi hupona wenyewe wakikua, mradi wasipate homa tena. Basi anywe dawa kidogo kila jioni hata akiwa mzima. Anywe maji, asifunge choo. Akojoe kila baada ya saa mbili, na kila akienda akojoe, atulie, akojoe tena, kibofu kiishe. Homa zikiendelea, atapasuliwa.

Neno hilo la mwisho mke wangu hakulisema tena. Alifika nyumbani, akavuta cherehani kutoka barazani mpaka kwenye ujia wa choo.

"Fundi, umehamia chooni?" wateja wakamcheka.

"Ndiko kwenye kazi. Lete hiyo suruali."

Mwaka ukapita bila homa. Kisha mke wangu akafiwa na dada yake, akasafiri wiki moja. Nikabaki na mtoto na chupa ya dawa.

Mtoto alikuwa anaruka kama mbuzi. Mimi ni mwashi, nimejenga miaka arobaini, na ukuta usio na ufa sijawahi kuuziba. Nikasema dawa ni ya mgonjwa, huyu tutamharibu tumbo bure. Nikaiweka juu ya kabati. Na saa za choo nikaziacha. Nilimwambia, "Ukibanwa nenda, usipobanwa cheza." Alinipenda sana wiki ile.

Siku ya sita akachemka kwa homa. Nilimbeba mgongoni hadi hospitali.

Mtoto alipotoka wodini, mke wangu akaanza upya. Dawa, maji, upindo mmoja, tena. Mwaka na nusu, hakuruka siku hata moja. Picha ya kuangalia kama mkojo bado unapanda ilipangwa wiki ambayo, kumbe, ingekuwa ya kwanza baada ya maziko.

Nilimpeleka mimi. Kabla ya picha akaenda choo cha hospitali, nikasimama mlangoni. Akamaliza, akatulia. Sikujua nimwambie asubiri kiasi gani. Alijaribu tena mwenyewe.

Daktari alisema mkojo haupandi tena. Dawa aache. Kupasuliwa hakupo.

"Ila figo ya kushoto ina kovu, mzee. Halikuwepo kwenye picha ya kwanza. Tutaendelea kumpima presha na mkojo kila mwaka."

"La lini?"

"Nadhani ni ile homa ya mwisho."

Nikashukuru. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mtoto aliuliza kama amepona, nikasema amepona.

Mke wangu kovu hilo hakulijua, lakini homa aliijua. Siku aliporudi kutoka msibani alikuja wodini moja kwa moja, vumbi la safari miguuni. Nilimwambia yote, dawa na choo. Nilijiandaa kutukanwa. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akashika mguu wa mtoto. Kisha akasema: "Mtoto nilimfundisha. Wewe nilikuachia chupa tu."