Baraza ya Mafundi Wanne

Mama alikuwa mtoto mdogo wakati baba yake, Ramadhani, alipoondoka Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, kwenda kushona nguo Kigali. Hakurudi. Ilifika habari moja tu ya mpita njia, kwamba anashona kwenye baraza ya duka kubwa la kale, katikati ya mji. Mtaani walisema ni uongo, kwamba alipotelea Uvira, ng'ambo ya ziwa, kwa wanawake. Mwaka wa tisini na mbili, miguu ilipoanza kumsumbua, mama aliniambia, "Nenda kaangalie hilo duka. Nikijua alipokaa, nitatulia." Mimi niliishia darasa la tano, wengine wangeandika safari hii vizuri zaidi. Lakini nilimwahidi nitaleta nilichokiona, sio nilichokitamani.

Alfajiri niliondoka Bujumbura kwa basi. Mpakani Kanyaru askari walinikalisha sana. Siwalaumu, kaskazini mwa Rwanda kulikuwa na vita na kila mgeni alitazamwa mara mbili. Kupita Butare hakuna aliyenisemesha tena. Nilikula ndizi zangu nikihesabu vilima mpaka nikachoka.

Jioni nilifika Kigali, mtaa wa Biryogo, kwa Mama Hadija, mjane muuza maandazi, jamaa wa jirani yetu.

"Watu wanakujaga kutafuta ndugu," alisema, "wewe unatafuta ukuta."

Tulicheka. Kisha akaenda kwa wajukuu zake, nami nikabaki na sahani yangu.

Asubuhi nilipanda mjini. Nikaona duka lenye mabati ya kutu na baraza pana, nikajua ndilo. Nikasimama pale nikamsomea babu Fatiha, machozi yananitoka. Mwenye duka alingoja nimalize.

"Mzee, nani amekufa hapa? Hii nyumba nimejenga mimi."

Nilimweleza. Akanionyesha mtaa wa chini. "Yenye unatafuta iko kule. Yaani haiko. Walishavunja."

Kweli haikuwepo. Ilibaki sakafu tu, na majani yanaota kwenye nyufa. Wengine waliniambia mwenye kiwanja alitaka kujenga ghorofa, wengine kwamba mvua ilishaangusha ukuta. Naandika yote mawili. Pembeni, chini ya mwavuli, alikuwepo fundi mmoja mzee na cherehani yake, Mzee Sadiki.

"Kwetu wanasema ilijengwa karne iliyopita," nilimwambia.

"Oya, hapana. Mji wenyewe haujafika huko. Ni ya wakati wa Mjerumani." Akaendelea kukanyaga cherehani. "Mwenye duka aliuza kitambaa ndani, sisi tulishona barazani, bila kulipa kodi. Tulikuwa wanne. Angalia chini."

Kwenye saruji kulikuwa na vishimo, mahali miguu ya vyerehani ilipotetema miaka na miaka. Nafasi nne.

"Mrundi mmoja alikuwepo? Ramadhani?"

"Mrundi alikuwepo, mimi nikiwa mwanafunzi wake. Jina limenitoka. Alikuwa na binti anamtaja kila siku. Nyota. Homa ilimchukua kabla hajapata nauli."

Nyota ni mama yangu. Lakini nilikuwa nimeongea sana asubuhi ile, na mpaka leo sina hakika kama jina hilo sikulitaja mimi kwanza.

"Alikaa nafasi ipi?"

Alitazama sakafu. "Tulikuwa tunabadilishana, jua likizunguka. Nikikuchagulia moja nitakudanganya, mwanangu."

Mchana wote nilikaa pale. Nilikaa nafasi ya kwanza, nikahamia ya pili, ya tatu, ya nne. Watu walipita. Hakuna aliyeuliza.

Kesho yake nilirudi nyumbani. Nilimweleza mama yote, hata Fatiha ya duka lisilo letu, hata shaka yangu kuhusu jina lake. Nilifikiri nimemletea sakafu tupu. Niliondoka nikiamini kazi yangu ni kuleta jibu, nikajifunza kwamba nusu yake pia hubebwa, ukiibeba bila kuiongezea.

Mama alivuta kanga miguuni.

"Zote nne ulikaa?"

"Zote."

"Basi umekaa alipokaa," alisema, akaniomba nimsogezee chai.