Chunjua za Mkono wa Kulia

Mtaa wetu wa Buyenzi una mafundi wa magari wengi, lakini madaktari wamewazidi. Hilo sikulijua mpaka binti yangu alipoota chunjua. Kabla ya hapo nilidhani majirani zangu ni wachuuzi, washona nguo na wake za mafundi, kumbe nilikuwa naishi katikati ya hospitali kuu.

Mtoto alikuwa na miaka minne. Ilianza chunjua moja kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ngumu kama punje ya mchele. Nikaipuuza. Nayo ikaita ndugu zake, wakahamia vidole vyote na kuteremka hadi kiganjani, bila kodi wala hodi.

Nikampeleka kwa daktari wa kweli, yule mwenye koti jeupe. Akautazama mkono muda mfupi kuliko niliotumia kumvua mtoto sweta. Akasema ni virusi, havina hatari, vitaondoka vyenyewe, lakini vinaweza kuchukua miezi mingi. Asizikwangue chunjua, awe na taulo lake peke yake. Kila jioni niuloweke mkono kwenye maji ya vuguvugu, nipake tone la dawa ya farmasi juu ya chunjua tu, kisha nifunike kwa plasta. Nikatoka nimenuna. Mtu ukae kwenye benchi asubuhi nzima ili uambiwe usubiri?

Madaktari wa mtaani hawakuwa na habari ya kusubiri. Mama mkwe alitwanga kitunguu saumu akamfunga nacho kidole, na kesho yake kidole kikawa na lengelenge, chunjua yenyewe imekaa palepale inanuka mchuzi. Wifi yangu alikuja na uchunguzi wa kina.

"Mutoto alishika chura."

"Chura gani, wifi? Huku kwenye mafuta machafu ya magari?"

"Basi alihesabu nyota."

Mtoto mwenyewe akihesabu, baada ya tatu inakuja saba. Hizo nyota alizihesabu na nani?

Fundi mmoja anayefanya kazi na mume wangu alinishauri maji ya betri. "Tone moja tu, shemeji. Hata kutu inatoka." Nikamwambia aanze na ulimi wake, tukiona umepona tutaendelea na mtoto. Na mume wangu, ambaye kwake kila kitu duniani ni waya uliochubuka, alichukua ule utepe mweusi wa umeme akamviringishia mtoto vidole vyote vitano. Mtoto akashinda siku nzima hawezi kushika kijiko. Baba mtu akasema kazi ni safi. Safi kweli, ilibaki kumwekea betri tu aanze kuwaka taa.

Hayo yote ningeyacheka. Lakini kwetu salamu si maneno, ni mkono. Mtoto akiingia nyumbani kwa watu anampa mkono kila aliyeketi, na akimruka mmoja, swali ni moja: huyu kalelewa na nani? Wangu alikuwa hodari wa salamu. Sasa akinyoosha mkono, watu wazima walipatwa na shughuli za ghafla. Huyu kakumbuka sufuria, yule anapunga kutoka mbali, "Salama, sha, salama mwanangu!" kana kwamba mtoto yuko ng'ambo ya ziwa. Jirani yetu wa mlango wa pili, aliyembeba mgongoni tangu hajaota jino, aliuficha mkono wake ndani ya kanga. Niliuona. Mtoto naye aliuona. Nilikasirika hadi masikio yakawa ya moto.

Siku zile nilikuwa nikienda naye kila nilipopeleka chakula garajini kwa baba yake. Pale kila fundi ana mikono myeusi kwa grisi, na mwenye mikono michafu hakupi kiganja. Anakunja vidole, anakuletea kifundo cha mkono, nawe unamshika hapo. Ndiyo adabu. Hakuna anayeona vibaya.

Jioni moja akaja mgeni nyumbani. Binti yangu akakunja vidole, akamnyooshea kifundo.

"Mashallah, huyu ni fundi kabisa!" mgeni akacheka, na nyumba nzima ikacheka, hata mimi.

Mtoto hakucheka. "Mukono yangu iko muchafu," alisema.

Nilikuwa nimetoka kumwogesha mwenyewe. Nikaenda jikoni nikalia, na sikuwa nakata kitunguu.

Tangu hapo nikafunga hospitali ya mtaa. Kitunguu saumu kikarudi kwenye mchuzi, utepe ukarudi kwenye nyaya. Kila jioni nikawa mtumwa wa yale maagizo yasiyo na utamu wowote: beseni, tone, plasta, taulo lake. Miezi ikapita. Chunjua zikaanza kusinyaa, moja baada ya nyingine, hadi nikafungua plasta siku moja nikakuta ngozi tupu, laini.

Hapo ndipo madaktari wakarudi kuchukua sifa. Mama mkwe alisema kitunguu saumu hufanya kazi polepole. Mume wangu alisema ni utepe. Wifi hakuponya kitu, lakini alitaka ijulikane kwamba yeye ndiye aliyegundua chura. Wakabishana barazani mpaka chai ikapoa, na mtoto akapita kuwasalimia mmoja mmoja, kwa kifundo. Wakakishika huku wanaendelea kubishana.

Kesho yake nikamwambia mume wangu aliporudi kutoka kazini, kabla hajanawa: "Mutazame mutoto wako anavyosalimia." Akamwita. Mtoto akaja na kifundo chake. Baba yake, ambaye miaka yote ametupatia kifundo kila jioni, safari hii akafungua kiganja chote, cheusi tititi.

"Iko muchafu," mtoto akasema.

"Yangu, ndiyo. Yako je?"

Akaugeuza mkono wake, akautazama juu na chini. "Yangu ilipona."

"Basi leta."

Akauweka wote, vidole vyote vitano, ndani ya ile grisi. Baba yake akaufumbata na hakuuachia haraka.

Nilimsugua mtoto mkono kwa sabuni, nikasugua kwa majivu, weusi ukabaki kwenye mistari ya kiganja. Asubuhi yake jirani wa mlango wa pili akapita. Binti yangu akamkimbilia na mkono ulio wazi. Jirani akauona ule weusi, na mkono wake ukaanza safari ya kwenda ndani ya kanga.

"Ni grisi tu, jirani," nikamwambia. "Mushike."

Akamshika.