Bibi Asiyetaka Kimya

Juzi nilikuwa ofisi ya tiketi hapa Nizwa, nikingoja zamu nyuma ya bibi mmoja wa Izki. Mwanawe anayeishi Ufaransa alikuwa amemwalika wakalale mahemani huko mashamba, pamoja na wajukuu, akamwachia yeye achague kambi. Binti wa kaunta akamgeuzia skrini.

"Hapa pazuri, bibi. Kimya kabisa. Mahema yako mbalimbali, na watoto hawaruhusiwi kupiga kelele."

Bibi akavua miwani, akaiweka mezani taratibu.

"Kimya ninacho Izki, mwanangu. Nyumba ina vyumba saba, nalala peke yangu. Tangu Idi sijapata hata mtu wa kumgombeza."

"Lakini mwanao kaandika anataka utulivu."

"Yeye ana watoto wanne, lazima autake. Mimi nitafutie penye bembea karibu na hema."

Binti akatafuta mpaka akapata. Bibi akamshukuru, akatoka peke yake kwenye jua.

Mimi nikasogea kaunta, nikiwaza. Sisi wazazi tulijenga nyumba kubwa ili watoto wasibanane. Leo tunavuka bahari kwenda kubanana nao hemani.