Ndago Nyuma ya Nyumba Yetu

Waasi waliposhika Uvira, miaka michache baada ya uhuru, nilijifunza kulima kwa sababu ya viganja vyangu. Watu walisema kwamba kwenye vizuizi vya barabarani vijana wa uasi wanageuza mikono ya kila mwanaume, na mwenye viganja laini anahesabiwa kuwa karani, yaani mtu wa serikali. Sikuwahi kukutana na mtu aliyegeuzwa mikono yeye mwenyewe. Kila mmoja alikuwa amesikia kwa mwingine. Lakini mimi nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuo kikuu, barabara zikafungwa nyuma yangu, na viganja vyangu vilikuwa kama vya mtoto mchanga. Mama akanipa jembe, akanionyesha shamba lake dogo nyuma ya nyumba, pale Kalundu, juu kidogo ya bandari.

"Palilia," alisema. "Utapata malengelenge kwanza, kisha utapata usalama."

Shamba lilikuwa limejaa gugu la ndago. Juu ya udongo ndago ni majani membamba yanayong'aa, ya kijani kizuri kuliko chochote ulichopanda. Chini ni vijitunguu vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi kama shanga. Ukivuta jani, uzi unakatika na shanga zinabaki. Ukipiga jembe, unazitenganisha, na kila moja inachipua kivyake. Nilipiga jembe juma zima. Baada ya mvua moja shamba likawa kijani kuliko nilivyolikuta.

Mama alikuja akasimama kando yangu. Hakunilaumu. Alikuwa anatazama ua wa matete upande wa juu.

"Si weye," alisema. "Iko mutu anaitupa humu."

Hakuhitaji kumtaja. Jirani yetu wa upande ule alikuwa mzee aliyefanya kazi ya moniteri wa kilimo wakati wa Wabelgiji. Alikuwa anazunguka tambarare ya Ruzizi na kaptula yake iliyopigwa pasi, kukagua kama kila mtu amepalilia pamba aliyolazimishwa kupanda. Katika pamba ya baba yangu aliona majani, akaripoti, baba akalala gerezani. Baba alikufa kwa homa kabla ya uhuru, lakini mama hakuwahi kuyatenganisha mambo hayo mawili. Uhuru ulipokuja, watu wengi wa tambarare waliacha kupalilia kabisa, kama namna ya kusherehekea. Moniteri akapoteza kazi, akahamia karibu nasi, na bustani yake haikuwa na jani moja lisilotakiwa. Kwa mama huo ulikuwa ushahidi.

"Kwa nini yake iko safi na yangu hapana?"

"Kwa sababu anapalilia, mama."

"Na ile anang'oa, anapeleka wapi?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Nikaanza kumchunguza. Kila alfajiri mzee alitoka na kikapu kilichofunikwa jani la ndizi, akapita taratibu kando ya ua wetu, akapanda hadi kwenye korongo linaloteremka ubavuni mwa shamba letu, akarudi na kikapu kitupu. Alikuwa anasalimia bila kusimama. Siku moja nilingoja aingie ndani, nikaenda kuangalia. Ilikuwa ndago, marundo yake, nyingine imeshaanza kuchipua. Maji ya mvua yalipita katikati ya marundo hayo kuja chini.

Nilifurahi kama mtu aliyepata jibu la hesabu, na furaha hiyo ndiyo iliyonitia shaka. Kama maji ndiyo yaliyoileta, ndago ingekuwa nyingi zaidi upande wa korongo. Upande huo kulikuwa na mihogo, na chini ya mihogo palikuwa karibu safi. Nikaacha jembe, nikachonga kijiti, nikaanza kuchimba polepole, nikifuata nyuzi zinakoelekea. Zote zilinirudisha katikati ya shamba, kwenye matuta ya viazi vitamu.

Viazi hivyo tulipewa. Mama mkubwa, dada wa mama ambaye yeye alimwita yaya, alipokimbia mapigano kutoka tambarare alibeba marando ya viazi kwenye gunia bichi, mizizi ikiwa bado na udongo wa kwao. Kwetu wanawake hawashukuriani kwa mbegu wala kwa marando, na hawaukung'uti udongo uliokuja nayo. Wanasema ukikung'uta, umekataa mkono uliokupa, na mmea utakufa. Mama alipanda vile vile, udongo na kila kilichokuwamo.

Ningeweza kulichukua jambo lote kama somo la botania. Lakini mama alikuwa ameshasema maneno yake kwa wanawake wa samaki pale bandarini, kwamba moniteri wa zamani anamharibia shamba. Juma hilo hilo mtu mmoja wa bandarini alikuwa amesingiziwa kwamba anaficha redio. Waasi walimchukua, hakurudi. Kwa mzee aliyewahi kufungisha watu kwa ajili ya pamba, hawangehitaji hata redio.

Jioni nilimwekea mama mkononi uzi mzima wa ndago, umeshikamana na mzizi wa kiazi.

Akaugeuza. "Unasema yaya yangu ameniroga?"

"Nasema ilikuja ndani ya udongo wake, hakuiona."

"Yaya yangu alibeba hii gunia kwa kichwa, risasi nyuma yake. Na weye unakuja na kijiti chako kumshitaki."

"Na wewe unamshitaki nani, mama? Kwa watu gani?"

Akanirudishia ile ndago, akaenda kuwasha moto.

Walikuja siku iliyofuata, vijana wawili wa uasi, mmoja na kipande cha ngozi ya mnyama kichwani. Waliomba maji kwanza, kwa heshima, kama watoto wa jirani. Nilisimama na viganja vyangu wazi, vimechubuka vizuri, na hakuna aliyeviangalia.

"Mama," alisema mwenye ngozi, "tumesikia kama iko muzee anakuharibia shamba."

"Nani amesema?"

"Wanawake wa samaki."

"Wanawake wa samaki wanasema pia minye niko na mimba."

Mwenzake alicheka, mwenye ngozi hakucheka. Alikuwa anatazama ua wa matete. Kule upande wa pili jembe la mzee lilikuwa limenyamaza.

"Hii majani ilitoka na marando ya yaya yangu," mama alisema. "Mutoto wangu amechimba, ameona. Amesoma, muulize."

Yule kijana akanigeukia. "Amesoma wapi?"

"Kwa misioni," mama alijibu kabla yangu. "Kama weye."

Nikawapeleka kwenye matuta, nikafukua, nikainua uzi ukiwa na shanga zake. Mwenye ngozi alichuchumaa, akabana kijitunguu kimoja kwa kucha.

"Hii hata kwetu iko," alisema. "Inamutoa mama yangu machozi."

Waliondoka na kichane cha ndizi. Mama alingoja mpaka wakakata kona.

"Usifikiri nimekuamini," alisema.

"Sasa kwa nini umewaambia vile?"

"Baba yako alifungwa kwa sababu ya majani. Minye sifungi mutu kwa sababu ya majani."

Tulifukua matuta yote. Marando tuliyapeleka ziwani tukayaosha, mama akigeuza uso pembeni kila udongo ulipotoka. Ndago tuliianika juu ya mabati mpaka ikakauka kama mavi ya mbuzi, kisha tukaichoma. Msimu ule ilipungua, haikuisha.

Alfajiri baada ya vijana wale kuja, tulikuwa wote wawili mlangoni mzee alipotoka na kikapu chake. Alitusalimia. Hakupanda kwenye korongo. Aliteremka njia ndefu hadi ziwani, akamwaga kila kitu majini.

"Umeona?" mama alisema kwa sauti ya chini. "Kama hakukosa, anabadilisha njia kwa nini?"

Nilisema labda alisikia maneno yetu kupitia matete.

"Basi anasikilizaga kwetu," alisema mama.

Tangu hapo aliongea kwa kunong'ona kila alipokuwa shambani. Na mimi, nilipokuwa naenda kuchota maji, nilikuwa napitia kwanza kwenye korongo, kuangalia kama kuna marundo mapya.